Njia Tatu za Kurekodi Sauti ya Mama

Jumapili, 2 Novemba

Nimepima kahawa ya wakulima mpaka saa kumi na mbili. Miguu imevimba. Msimu wa kahawa haujui Jumapili, na karani wa kiwanda haugui.

Nimefika nyumbani, nikampa Mama uji, nikakimbilia dikoda ya TV. Asubuhi niliitega irekodi kipindi cha Jembe na Jirani. Jaribio la kwanza, kwa saa. Unaiambia stesheni gani, ianze saa tisa alasiri, iishe saa tisa na nusu. Mashine haikuulizi swali.

Nimepata mhubiri. Dakika kumi na nne za mhubiri aliyepitisha muda wake. Kisha kipindi kikaanza, na mkulima wa nyanya akakatwa katikati ya sentensi. Nimeirusha rimoti kwenye kochi. Ningeirusha ukutani, lakini ninayo moja tu.

Niandike sababu, hasira yenyewe ijue inakotoka. Mwezi wa tano watu wa stesheni walienda Kiritiri, shambani kwa Mama. Wakampiga picha za video akionyesha anavyohifadhi mbegu za ndengu na kunde kwenye vibuyu vya majivu. Mwezi wa nane kiharusi kikamshika. Anatembea, anakula, mkono wa kushoto una nguvu zake. Neno hana, hata moja. Nikamleta hapa kwangu Runyenjes.

Kwenye simu yangu hakuna sauti yake. Ukimwelekezea simu alikuwa anajifunika leso usoni na kukufukuza. Sauti yake imebaki kwenye kipindi hicho tu. Kitarushwa Jumapili moja ya mwezi huu, saa nikiwa kwenye mizani. Ni ipi, hawasemi.

Jumanne, 4 Novemba

Njeru amepiga simu kutoka Meru. Kaka yangu anauza dikoda pale Makutano, kwa hiyo anajiona daktari wa dikoda zote za mlima huu. Nimemweleza habari za mhubiri. Akacheka.

"Wanja, nani bado anarekodi kwa saa? Ingia kwa ratiba, chagua jina la kipindi. Wakikisogeza, mashine inakifuata."

Nikamwambia stesheni ile ratiba yake ni ya uongo. Siku nzima imeandikwa "Vipindi". Akasema siku hizi wanaandika majina. Akasema pia saa ni njia ya wazee. Mimi nina miaka arobaini na moja. Nimekata simu.

Jioni kumenguruma. Mama ameinuka kama kawaida yake, amechomoa plagi zote, amefunika TV kwa kitambaa na kugeuza kioo cha kujitazamia kielekee ukutani. Alikuwa akifanya hivyo tangu tukiwa watoto, tangu radi ilipochoma redio ya Baba. Mvua ikikatika mimi huzunguka nikirudisha. Leo nimezunguka nikinung'unika.

Jumapili, 9 Novemba

Jaribio la pili, kwa ratiba. Stesheni ilionyesha mpira, ikasogeza kipindi hadi saa kumi. Dikoda ikakifuata huko huko. Nimekipata chote, mwanzo hadi mwisho.

Inaniudhi kwamba Njeru alisema kweli. Amepiga simu mwenyewe kuuliza, na nikasikia anavyotabasamu.

Lakini nimeangalia vizuri. Mpira walijua mapema, ndiyo maana waliandika mabadiliko. Je, lile la ghafla? Mhubiri akishikwa na roho, kuna mtu wa kukimbia kubadilisha ratiba? Nimemuuliza Njeru. Akasema napenda kuona mabaya. Ndiyo, napenda. Mabaya hayajawahi kuniangusha.

Jumatano, 12 Novemba

Njia ya tatu, kwa neno. Unaandika neno moja, mashine inanasa kila kipindi chenye neno hilo. Niliandika "Jembe" tangu Jumatatu. Nikaona hapa hata wakibadilisha siku watanaswa.

Mtaka yote hukosa yote. Kumbe kila alfajiri kuna tangazo la masaa mawili la kuuza majembe na wilbaro. Mashine imenasa yote. Diski ikajaa, na ilipojaa ikaanza kufuta vya zamani bila kuniuliza. Imefuta nyimbo za kwaya ambazo Mama hutazama kila asubuhi. Ameketi mbele ya TV na rimoti mkononi, anabonyeza, jamaa wa wilbaro anatokea. Anabonyeza tena, jamaa yule yule. Akanigeukia.

Nilikuwa nachelewa kazini. Sikumweleza kitu. Siku hizi simwelezi mengi. Hajibu, na mimi nimechoka kuongea na nyumba.

Jumatatu, 17 Novemba

Binti wa stesheni amepiga. Cha Mama ni Jumapili hii, tarehe 23, saa tisa. Nikamwomba nakala. Akasema hawatoi. Nikauliza kama kitarudiwa. Hakirudiwi. Kwenye mtandao? Hawaweki. Niandike barua pepe. Nimeandika tatu tangu Septemba, na zote zimenyamaza kama Mama.

Nimeomba ruhusa ya Jumapili. Meneja hakuinua hata macho. Lori mbili zinakuja, wakulima watapanga foleni hadi barabarani, na karani mwenzangu ana mtoto mgonjwa. "Si una mashine ya kurekodi?" akasema.

Nimewachukia wote leo. Stesheni, meneja, lori, na yule karani mwenye mtoto mgonjwa, ambaye hana kosa.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeamua. Kwa saa. Lakini safari hii natandaza wavu mpana, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Wacheleweshe, wahubiri, wapige kura hapo katikati, Mama atanaswa tu. Nimefuta diski yote kuipa nafasi.

Njeru anarekodi kwa ratiba huko kwake Makutano. Kila mtu na imani yake. "Tutaona kesho nani mjinga," amesema. Ataenda kanisani na mkewe, mashine ifanye kazi.

Nimeandika karatasi kwa herufi kubwa, USIZIME, nikaibandika juu ya plagi. Nimemwonyesha Mama Kendi, jirani, ambaye hukaa na Mama nikiwa kazini. Ameitikia.

Mama alikuwa ameketi pale pale, akitazama karatasi.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua ilianza saa nane na dakika kumi. Niliisikia ikipiga mabati ya kiwanda. Radi moja iliwafanya wakulima waache magunia na kuingia ndani. Nilijua. Nikiwa nimeshika kilo za mtu mkononi, nilijua.

Nimefika nyumbani. Plagi iko juu ya stuli, waya umekunjwa vizuri. TV imefunikwa. Kioo kinatazama ukuta. Karatasi yangu iko mahali pake, USIZIME, haijaguswa. Mama hajawahi kusoma herufi moja maishani mwake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua za Njeru. Mimi.

Mama Kendi alikuwa amekimbia kwake kuanua kahawa.

Nimewasha. Dakika ishirini na tano za kwaya ya wageni, kisha giza.

Nilimpigia Mama kelele. Niandike nilichosema, nisije nikajidanganya baadaye. Nilisema amejizima mwenyewe. Nilisema bora angekaa kitandani. Alinitazama, akainua mkono wa kushoto na kunionyesha paa, mara mbili, kama unavyomwonyesha mtoto kitu kilicho wazi. Kisha akaingia chumbani kwake.

Hasira hasara. Huo msemo niliufundishwa na yeye.

Jumatatu, 24 Novemba

Sikulala vizuri. Saa moja asubuhi nimempigia Njeru. Nilitaka anicheke nimalize.

Hakucheka. Kumbe mwanasiasa fulani alirushwa mubashara kabla ya kipindi, akaongea, akaongea. Ratiba haikubadilishwa. Mashine ya Njeru ilifungua saa tisa kamili kama ilivyoagizwa, ikafunga saa tisa na nusu kama ilivyoagizwa. Dakika ishirini na moja za mwanasiasa. Tisa za kipindi.

"Ulisema," akaniambia. "Ile ya ghafla. Ulisema."

Nimengoja furaha ya kushinda. Haikuja. Kwa wavu wangu, chote kingenaswa, kama mtu mmoja tu angeambiwa. Kwa mdomo. Jioni moja, dakika moja: Mama, Jumapili utaonekana kwa TV, ikinguruma usichomoe. Anasikia. Daktari alisema anasikia na anaelewa kila kitu. Mimi nikaandikia karatasi.

Nilidhani naweka zawadi ya siri. Uongo. Nilikuwa nimeacha kuongea naye, basi.

Nimemwomba msamaha kabla ya kwenda kazini, nikiwa nimesimama mlangoni na begi begani. Hakugeuka. Ningekuwa yeye nisingegeuka pia.

Alhamisi, 27 Novemba

Flashi yenye rekodi ya Njeru imefika kwa gari la Embu, imefungwa ndani ya soksi yake. Nimeondoka kazini saa kumi bila kuaga. Meneja aandike anachotaka.

Nimemwita Mama. Nimemwambia kila kitu kabla sijawasha: nini kiko humu, nani alirekodi, kwa njia gani, dakika ngapi, kwa nini ni kidogo. Alikuwa anatazama mdomo wangu.

Mwanasiasa kwanza. Mama akamsonya. Hilo bado analiweza.

Kisha muziki, mtangazaji, barabara ya Kiritiri, mbuzi. Dakika tano za porojo za mtangazaji kuhusu ukame. Nilitaka kumkaba. Halafu Mama, amechuchumaa mbele ya vibuyu, leso yake ya njano. Akiongea. Sauti ile kavu, ya mtu anayejua kwamba hujui. Anamwambia mtangazaji asikanyage kunde. Anamwambia majivu yawe ya mti, si ya karatasi. Anamwuliza kama mama yake hakumfundisha kitu.

Nilikuwa nimeshika mdomo. Sikumwangalia Mama aliye kando yangu, niliogopa.

Dakika ya mwisho, mawingu nyuma ya nyumba, ngurumo ya mbali. Mama wa kwenye TV akaacha kibuyu, akatazama juu, akamtazama jamaa wa kamera moja kwa moja. Kwa Kimbeere chake, polepole, akasema, "Mwanangu, zima hicho kitu chako. Radi haijui kwamba wewe ni mgeni."

Jamaa akacheka. Hakuzima. Mama akanyoosha mkono kuelekea kamera, na hapo ndipo mashine ya Njeru ilipofunga.

Kando yangu, Mama alicheka. Kifuani tu, bila maneno. Kisha akanipiga kofi dogo gotini, kwa mkono wa kushoto. Nimelia kama mjinga.

Tumerudia mara sita.

Jumapili, 30 Novemba

Kahawa imepungua. Nimetoka saa saba.

Nimemwambia Mama habari za kiwanda tangu mlangoni. Nani kaleta kahawa mbichi iliyochanganywa na mbivu, nani kagombana na nani kwenye foleni. Nimemwambia Njeru ametengeneza nakala mbili na atakuja Krismasi. Hajibu. Anakunja uso mahali pa kukunja uso.

Nilikuwa nimetega Jembe na Jirani tena, kwa saa, saa nane mpaka saa kumi na moja. Mazoea. Saa tisa kasoro kukanguruma upande wa mlima. Mama akashika mkono wa kiti ili ainuke.

Nikamwambia, "Kaa, Mama. Nazima mimi."

Nimechomoa plagi, nimekunja waya, nimefunika TV, nimegeuza kioo. Akanionyesha redio ya jikoni, nilikuwa nimeisahau. Nimeichomoa pia. Kisha nimeketi upande wake wa kushoto, na mvua ikaanza.