Shemeji, Mtutu Mrefu na Cheo Changu

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijarudisha cheo nilichokipata kwa jasho langu. Mimi ni msimamizi wa uwanja wa shabaha, na majuzi wakulima walileta wawindaji wenye leseni wajaribiwe, apatikane kiongozi wa kikosi cha kuzuia nguruwe pori, basi shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akaja kifua mbele na bunduki ya marisau ya marehemu baba mkwe, ile yenye mitutu miwili ya kubadilisha, akiwa amefunga ule mrefu wa kuwindia ndege, ambao mdomo wake umebanwa, na humo ndimo alitaka kupitisha risasi ya donge moja zito, ambalo likikwama hapo mdomoni laweza kuupasua mtutu mikononi mwake, ati mtutu mrefu ndio unaopeleka mbali, nikamwambia mbele ya watu, "Shemeji, hupigi. Toa risasi, badilisha mtutu."

Alinuna, akafunga ule mfupi wenye mdomo wazi, kisha akatoa risasi zake za bei mbaya zilizovikwa plastiki, nikamweleza kwamba hizo ni za mtutu wenye mifereji ndani na wetu ni laini kama bomba, hazitamdhuru ila zitamwaibisha, hakusikia, akapiga, karatasi ikatobolewa huku na kule, matundu mengine marefu kwa kuwa risasi zilifika kwa ubavu. Wakulima wakataka nipige mimi. Nikatia donge la kawaida, la mtutu laini, kwenye bunduki ileile, na matundu yangu yote ungeyafunika kwa kisahani cha chai. Mshauri, nilifurahi mpaka nikaona haya. Wakanipa uongozi palepale, na sasa shemeji hanisemeshi, mume wangu naye anasema nimwachie kaka yake ili nyumba itulie. Nimwachie?

Msimamizi

MSHAURI ANAJIBU

Hongera, dada, na usimwachie. Kununa hakujawahi kumfundisha mtu kulenga.

Lakini nawe nakugombeza. Bunduki ilifikaje kwenye mstari wa kupigia kabla hujaikagua? Kuanzia leo kagua mlangoni: kipimo kilichochongwa kwenye mtutu kilingane na cha kwenye boksi la risasi, ndani pawe safi, mdomo ujulikane kama umebanwa au uko wazi. Mwenye shaka aende kwa fundi kwanza. Na hakuna wa kumfyatulia nguruwe kabla hajapiga karatasi kwa risasi zilezile, wala kabla hajajua nyuma ya shabaha kuna nini.

Shemeji mwingize kikosini, kwa heshima yake yote. Atapiga risasi utakayompa wewe, kwa mtutu utakaousema wewe, au abaki nyumbani.

Na mumeo mkalishe chini, umwambie wazi: kaka yake angali na macho mawili na vidole vyote kwa sababu wewe ulisema hapana mbele ya watu. Akishalisikia hilo, mwambie akupigie pasi sare. Kiongozi ana kazi kesho.