Maziwa ya Mama Yako

Baba Mwamvita,

Wali iko ndani ya chungu, sombe ya majani ya muhogo iko pembeni. Kula, usiogope.

Asubuhi tumbo lilipokukata, ulisema mbele ya mama yako ni mapishi yangu. Niliumia sana. Ulipotoka, mama akashika mdomo: "Jana alikunywa maziwa ya mbuzi kwangu. Na siku ile musafara ulimuacha kwa tumbo, vilevile!" Tukaangaliana. Pilipili tuliacha, mawese tuliacha, tumbo halikupoa. Maziwa hatukuyafikiria hata kidogo.

~~Ninaenda kwetu Lusangi.~~ Niko kwa mama yako, tunakutwangia unga wa njiani. Maziwa usiguse kwanza, tuone. Nadhani safari hii utafika Nyangwe pamoja na wenzako.

Na ukirudi, uniombe radhi mbele ya mama.

Mke wako