Maksai Aliyegoma Osiri

Achieng mjukuu wangu,

Habari ya huko Kanada? Sisi hapa Rodi Kopany tuko wazima. Mama yako amevuna njugu, na magoti yangu bado yananisumbua.

Unauliza, mbwa wa mbele kati ya hao wanaokuvuta kwenye theluji akigoma katikati ya mashindano, umlazimishe avuke mto ulioganda? Mimi barafu siiamini, hata ile ya kupozea soda, na hao wenye mashindano wanaokwambia uvuke ndio siwaamini kabisa.

Nikiwa msichana kule Osiri, baba alibeba mahindi kwa gogo lenye panda mbili lililokokotwa na maksai, bila magurudumu, kama hicho chombo chako. Siku moja maksai wetu wa mbele, Rateng', aligoma njiani. Mchimba dhahabu mmoja akapaza sauti, "Pitisha tu, mzee! Njia ni nzuri!"

Baba hakumchapa Rateng'. Aligonga ardhi kwa mpini wa jembe, ikalia kama mtungi mtupu. Tukazunguka mlima mzima, mvua ikitunyeshea, lakini tukafika. Kesho yake njia ilikuwa imebomoka. Wachimbaji walikuwa wamechimba shimo la dhahabu likapita chini yake.

Kwa hiyo mbwa akigoma, shuka ugonge barafu. Na akitokea mtu wa kukuharakisha, angalia miguu yake imekanyaga wapi. Yule wa Osiri alikuwa amesimama kando ya njia, kwenye nyasi.

Ni mimi bibi yako,
Dani