Kilo za Kibonge

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Leo nimeapa kukuambia kila kitu bila kubakiza. Ukipiga simu siwezi kusema, maana simu ni ya shangazi, naye husimama karibu, tepu ya kupimia nguo shingoni, akisikiliza.

Shangazi hajambo. Oda za sare za shule zimemzidi na cherehani haipumziki. Mimi nimekuwa wa tatu kwenye mtihani wa hisabati. Mdogo wangu Kibonge sasa anajua kusema “taa” na “toka”, na hilo la pili humwambia kila mteja anayeingia.

Ulipoondoka kwenda kufanya kazi mbali ulinikabidhi kadi yake ya kliniki, ukaniagiza kila mwezi nikuandikie uzito na urefu wake. Mwezi wa kwanza baada ya wewe kuondoka tulikwenda sote watatu. Muuguzi alisema mtoto amepungua, akamuuliza shangazi, mbele ya foleni nzima, kama kwake hushonwa tu na kupikwa hakupikwi. Wanawake wakacheka. Tulipofika nyumbani, shangazi aliapa kwamba hatakanyaga tena pale, wala mimi nisimpeleke. Akaniomba nisikutie hofu, kwani mwezi ujao Kibonge angekuwa ameshanenepa.

Tangu hapo nampima mwenyewe. Urefu nampima juu ya meza ya kukatia vitambaa, amelala chali, nimemkandamiza magoti. Uzito nampima nikitumwa dukani, kwa muuza nafaka, kwenye mizani yake. Yeye hututania kila mara, akiuliza kama leo tumemletea mchele au mheshimiwa mbunge. Kibonge humwambia toka, na duka zima huangua kicheko.

Ijumaa hakututania. Alisoma mizani mara mbili, akamshika Kibonge mkono, akasema, binti, huyu si wa kupimwa na mimi, mpelekeni kwa wanaojua. Nilimweleza shangazi. Alilia, mama. Alisema anamlisha kama anavyotulisha wote, na ni kweli, ila Kibonge anaharisha mara kwa mara na chakula hakikai. Akasema kule kliniki watadai anamshindisha njaa mtoto wa marehemu kaka yake. Tangu jana, akienda kupeleka sare, anatufungia mlango kwa nje. Naandika chini ya dirisha, Kibonge amelala mapajani, na siusikii uzito wake.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolizunguka. Kilo nilizokuandikia tangu Desemba si zake. Kwenye kadi kuna mstari uliochapwa, unaoonyesha mtoto anayekua vizuri. Niliweka rula kwenye umri wake, nikasoma namba pale rula ilipokutana na mstari, nikakuandikia. Tisa nukta tisa. Kumi nukta moja. Kumi nukta tatu. Ulijibu kwamba umezisoma ukalala usingizi mzuri, nami nikakosa pa kurudia. Kila mwezi mstari unapanda na yeye anashuka, kwa hiyo kila mwezi ilinibidi nidanganye zaidi ya mwezi uliopita. Ijumaa alikuwa na kilo nane na gramu mia moja. Urefu ni sentimita sabini na sita, na haujasogea tangu Januari. Hizi ni za kweli, mama. Nisamehe.

Muuza nafaka atapita dirishani kuichukua barua hii, aipige picha na kukutumia leo leo. Mjibu kwa namba yake, usipige ya shangazi. Usimkasirikie shangazi; anaogopa kama mimi.

Kibonge anakusalimu, nami nakuombea afya na kazi njema.

Jumatano ni siku ya kupima watoto, na siku hiyo wateja huja asubuhi, mlango unakuwa wazi. Je, mama, unaniruhusu nimbebe nitoke naye, hata shangazi akiniita nirudi?

Mimi binti yako,
Dada wa Kibonge