Nililifunga Gari la Rafiki Yangu kwa Ombi la Mama Yake

Kwako Susu Katunge,

Pokea salamu zangu, Susu, nyanya yetu sote, na unisamehe nikikuletea mambo ya magari wewe ukiwa mtu mzima wa heshima, lakini kila wiki nasoma vile unavyojibu watu kwenye gazeti hili na nimeona hakuna mwingine ninayeweza kumweleza, maana nikimwambia mke wangu atamwambia dada yake, na nikimwambia pasta atasema tuombe, na mimi naomba tayari, Susu, naomba mpaka magoti yanauma, lakini jambo lenyewe haliondoki.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, gereji yangu iko Emali kando ya njia ya Mombasa. Nilikuwa na rafiki, hapa nitamwita Kiilu, tulisoma pamoja na nilikula kwao Kilungu zaidi kuliko nilivyokula kwetu. Kiilu alikuwa amenunua kigari kidogo cha viti viwili, cha mbio, chekundu, kimekaa chini hata mtu akishuka ni kama anaamka kitandani, na kilikuwa hakina kompyuta ya injini, ilikuwa imeng'olewa na wezi huko yadi, na bila hiyo injini haiwaki kabisa. Kabla hajapata nyingine, akapata ajali na gari la kazini, akilipita lori karibu na Kiboko, tukamzika. Kigari kikabaki kwa mama yake chini ya turubai, kuku wakitaga ndani.

Sasa mdogo wake, nitamwita Mwangangi, ambaye ndiye mtoto pekee aliyembakia mama huyo, mwaka huu akakivuta mpaka kwangu akaniambia, "Fundi, hiki tukimalize. Sitaki nacho kife." Kompyuta ya asili haipatikani tena, kwa hivyo tukaagiza ile ya kuwekwa baadaye, ambayo fundi mwenyewe ndiye anaipangia kwa laptop injini ipewe petroli kiasi gani, moto upigwe wakati gani, na izunguke mpaka wapi. Susu, kazi hiyo niliifanya kwa moyo. Nilikata kishikio cha alumini nikaifunga kompyuta nyuma ya dashibodi upande wa abiria, juu kabisa, mbali na joto la injini na mahali ambapo maji ya viatu hayafiki, nikaweka mipira kwenye skrubu ili isitetemeke, nikaunganisha waya mmoja mmoja. Siku injini iliwaka Mwangangi alikaa chini kwenye vumbi akalia kama mtoto, na mimi nikalia.

Shida ililetwa na mdomo wangu. Nilikuwa kwao nikila isyo, mahindi na maharagwe ya mama, nikajisifu mbele ya mama, nikasema, "Mama, hicho kigari sasa kinanitii mimi. Nikikiambia kisikimbie, hakikimbii." Mama akaniongezea chakula tu. Lakini wiki hiyo hiyo akashuka milima mpaka Emali, mama ambaye tangu tumzike Kiilu hajawahi kukubali kupita hapo Emali kuelekea Kiboko, akasimama mlangoni mwa gereji na kiondo chake.

"Ulisema linakutii."

"Ndio, mama."

"Basi liambie lisikimbie."

Nikajaribu kucheka. Nikamwambia, "Mama, gari ni la Mwangangi, mimi ni fundi tu."

Akasema, "Nilikuwa na wawili. Huyu mmoja niliyebaki naye anafanya kazi Kiboko, kila asubuhi anapita pale ndugu yake alimwaga damu, na anapita akiimba. Mimi namsikia hata nikiwa Kilungu." Halafu akaweka mkono kifuani. "Nakuomba kwa ziwa hili lililomnyonyesha Kiilu. Na usimwambie."

Wewe unajua, Susu, mtu wa kwetu akiombwa hivyo anabaki na neno gani mdomoni? Akiwa bado amesimama hapo nilifungua laptop nikaipangia kompyuta kwamba injini ikifika nusu ya nguvu zake ijikate yenyewe, na Mwangangi alipouliza mbona gari ni zito nikamwambia injini bado inazoeana na kompyuta, endesha polepole.

Wiki iliyopita alikuwa akilipita lori la simiti, akakanyaga mafuta yote, na gari likajikata katikati ya barabara, basi likija mbele yake. Akalitupa nje ya lami upande wa kulia, kwenye miiba. Alitoka na mikwaruzo tu. Akaja akivutwa na trekta, akaniambia, "Fundi, lilikufa mikononi mwangu. Kama lingevuta kidogo tu ningekuwa nimemaliza kulipita. Angalia hizo waya zako." Halafu akacheka, "Ama ni Kiilu ananivuta nyuma? Mwambie aache wivu, akifufuka nitamrudishia gari lake." Mimi nikasema nitaangalia. Ni hilo tu nililosema, Susu. Nitaangalia.

Na jioni hiyo mama yake akanipigia simu, hajui lolote kuhusu lori kwa sababu Mwangangi hamwambii mambo kama hayo, akaniambia, "Mwanangu, Mungu akubariki, siku hizi nalala."

Sasa gari liko kwangu na Jumamosi Mwangangi anakuja kulichukua. Nikilifungua akimbie, halafu afe, nitakuwa nimekataa ombi la ziwa na mama atasema nimemuua wa pili. Nikiliacha hivyo, siku moja litamkatikia tena. Nikisema ukweli, nitamgombanisha mtoto na mama yake, na hawana mwingine duniani ila wao wawili. Nifanye nini, Susu?

Ni mimi fundi wa Emali.

SUSU KATUNGE ANAJIBU

Fundi wa Emali,

Nimesomewa barua yako, na kabla haijaisha nilikuwa nimeshaitisha simu. Sikungoja gazeti. Tumeongea, wewe na mimi, na neno la kwanza lilikuwa hili: ufunguo wa gari hilo usitoke mkononi mwako. Uliniahidi. Mengine niliyokuambia siku hiyo nayarudia hapa kwa sababu kuna mafundi wengine wenye siri, na kuna mama wengine wanaolala usingizi usio wao.

Kwanza nyamaza kulia. Wewe si muuaji. Wewe ni mwoga mwenye mikono mizuri. Umefunga kompyuta juu ili maji yasiifikie, umeiwekea mipira isitetemeke, ukakitunza kile kisanduku kama yai, halafu ndani yake ukaweka uongo, na uongo huo ndio uliompeleka mdogo wa rafiki yako kwenye miiba. Unaona haya? Ona. Lakini usikae hapo ukijionea haya kama kazi, mwana wakwa, kwa sababu Jumamosi inakuja.

Mimi sijui kompyuta. Najua punda. Hapa Zombe kulikuwa na jirani yetu, mtu mzuri, ambaye punda wake alikuwa anapenda sana kuingia kwenye mbaazi za watu. Akawa anamfunga miguu ya mbele kwa kamba fupi. Punda akatulia, majirani wakafurahi. Mwaka mmoja mvua ilinyesha huko juu, hapa kwetu jua linawaka, na punda alikuwa mtoni kwenye mchanga mkavu akinywa kwenye kisima. Maji yakaja. Wengine wote waliruka wakapanda ukingo. Huyo wetu alijaribu kuruka na kamba yake. Sitakuambia zaidi, unaweza kuona mwenyewe. Kamba ilikuwa ya kumzuia asiende vibaya, ikamzuia asitoke. Hata wewe umefanya hivyo, tena afadhali jirani, kwa sababu punda alijua amefungwa. Mwangangi hajui. Anaingia mbele ya basi akidhani ana miguu minne.

Sasa tuje kwa ziwa. Najua lilikushika wapi. Mimi pia ni mama, nimenyonyesha saba, nimezika wawili, na sitamruhusu kijana yeyote wa mjini acheke ombi kama hilo. Lakini nisikilize vizuri. Ziwa linaomba mtoto aishi. Ziwa halijawahi kuomba mtoto afungwe mbele ya basi. Mama huyo alikuomba uhai wa mwanawe, na kamba aliitaja kwa sababu wewe ndiye uliyeenda kwake ukijisifu kwamba una kamba. Ungefunga mdomo ukala isyo yako ukaenda, asingekuja. Kwa hivyo usiniambie umebanwa na ziwa. Ukitaka kulitii, mlinde mtoto. Kumlinda kulianza siku uliponiandikia, na hapo nakushukuru, kwa sababu wengi wangenyamaza mpaka matanga.

Fanya hivi. Leo, si kesho, iondoe hiyo kamba kwenye kompyuta, urudishe nguvu zote za injini jinsi ulivyozipanga kwanza. Halafu usiguse simu. Mambo haya hayasemwi kwa simu. Panda Kilungu ukamwone mama ana kwa ana, na umwambie kuhusu lori. Yote. Simiti, basi, miiba. Najua unataka kumficha ili aendelee kulala, lakini usingizi huo umeuiba kwa Mwangangi, urudishe. Atakupigia kelele. Huenda akakufukuza. Kaa hapo nje mpaka amalize. Akiisha kulia mwambie, "Mama, Jumamosi namweleza Mwangangi sehemu yangu. Yako nakuachia." Usimwombe ruhusa. Unampa tu nafasi ya kufika kwanza.

Na Jumamosi, ufunguo ukiwa bado mfukoni mwako, mwambie Mwangangi hivi: "Waya ni nzima. Ni mimi nililifunga gari lako, nikakudanganya, na nusura ufe." Ukome hapo. Usiseme "mama yako ndiye alinituma." Akiuliza kwa nini, mwambie uliogopa kumzika kama ulivyomzika Kiilu, kwa sababu hilo ni kweli na ni lako. Akikupiga, pigwa. Akikuambia hataki kukuona tena, mpe ufunguo na umwonyeshe kompyuta iko wapi na imepangwaje, ili fundi mwingine aweze kuikagua. Urafiki unaweza kukauka, lakini gari mpe likiwa zima.

Kama atakaa akusikilize, basi fungua hiyo laptop mbele yake. Mwambie gari hili linaweza kuwekewa mpaka, na mpaka huo ni wewe mwenye gari unayeuweka, ukijua uko wapi, na ukijua halitakupeleka haraka ukitaka kulipita lori. Aseme mwenyewe anataka nini. Halafu ingia naye, muendeshe wote wawili barabarani mpaka mguu wake ujue gari linafanya nini. Huo ndio ufundi. Ule mwingine ulikuwa uchawi wa mchana.

Unaniuliza, na akifa je? Anaweza kufa. Sitakupaka mafuta. Njia ile imekula watoto wetu wengi, wenye magari ya mbio na waliokuwa wanavuka tu na mbuzi. Huwezi kumshikia mtu mzima pumzi yake. Lakini kufa kwa mwendo aliouchagua, na kufa kwa sababu rafiki alimficha kitu, ni vifo viwili, na kimoja kina jina lako. Hicho ndicho unachoweza kukizuia. Kile kingine kiombee. Hapo sasa magoti yako yana kazi.

Na wewe, mwaitu, mama wa Kilungu. Sikujui jina, lakini gazeti hili linafika kanisani kwenu na kuna mtu atakusomea. Kijana amekuja kwako kabla ya hii kuchapishwa, nimehakikisha, kwa hivyo siongei nyuma ya mgongo wako. Sikulaumu. Nilipomzika wa pili wangu nilimficha mdogo wake viatu ili asitoke nyumbani. Alitoka peku. Uoga wetu ni wa kweli, dada yangu, lakini tukiupitisha mlango wa nyuma unaingia nyumbani kama mwizi.

Umemwambia fundi unachoogopa. Mwanao hujamwambia. Anapita pale kila asubuhi akiimba na wewe unadhani amesahau ndugu yake. Uliwahi kumuuliza anaimba nini? Na kwa nini anaimba hapo?

Gari hilo lina viti viwili. Mwambie akuje akuchukue. Utaumia mgongo kuingia, hicho kitu kimekaa chini, lakini ingia. Pita Emali, usishuke. Mwende mpaka pale kabla ya Kiboko, mahali wewe hujawahi kufika, asimamishe gari kando, vizuri, nje ya lami. Shukeni wote wawili. Mshike mkono, na hapo, sio kwa fundi, sio kwa simu, hapo penyewe, mwambie mwanao kwamba unaogopa.