Fundo Moja Nililoliruka

Uskoti, Novemba 1996

Mama mpendwa,

Chamgei mising. Najua ni Kiprono anayekusomea, kwa hivyo nakuomba, ndugu yangu, soma polepole na usiruke mahali, hata pale utakapotamani kuruka. Mama, goti linaendeleaje na baridi ya Kimulot? Na yule ng'ombe mweusi, amekubali kukamuliwa na mtu mwingine au bado anakutaka wewe tu? Mimi mwili ni mzima. Giza huku linaingia kabla sijamaliza chai ya saa kumi, na chai yenyewe ni vumbi ndani ya kijifuko cha karatasi. Ungeionja ungewamwagia kuku.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi ikalegea. Umeniambia kwamba kwenye lile shamba kubwa la majani ambako Chelangat, mke wa Kiprono, ameandikwa kazi, siku hizi mwanamke akifika miezi saba anarudishwa nyumbani na nafasi yake anapewa mwingine, kwa sababu daktari fulani ameandika kwamba wachuma chai wa kwetu huzaa kabla ya wakati. Ukasema Chelangat anakaza tumbo kwa leso chini ya aproni, na kliniki haendi, asije akajulikana. Halafu ukamalizia: "Wewe unakaa na hao wasomi. Muulize huyo mtu alihesabu namna gani."

Mama, huyo mtu ni mimi.

Unakumbuka ile likizo niliyokuja na daftari? Ulinishushia kutoka darini debe la nyuzi zako, kila mama uliyemzalisha na uzi wake, kila mwezi na fundo lake. Nikakaa karibu na moto nikahesabu uzi baada ya uzi: mafundo manane, manane, manane. Ulikuwa unachambua maharagwe, ukasema, "Hao wote walikuja kucha zimepita vidole." Nikakujibu, "Mama, wacha kwanza nimalize kuhesabu." Ukarudi kwenye maharagwe yako. Mtoto mwenye kucha ndefu ametimia, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo, na mimi sikuliandika.

Kosa lenyewe ni dogo. Hospitali huanza kuhesabu na mwezi wa mwisho ambao mama aliona damu. Wewe fundo la kwanza ulilifunga ule mwezi ambao hakuiona, kwa sababu kabla ya hapo, kwako, hapakuwa na mtu wa kuhesabiwa. Mwezi mzima ukapotea katikati yetu, nami nikaandika kwamba kikapu cha majani kinawatoa watoto mapema. Sikukuuliza swali hata moja. Niliona haya kumuuliza mama yangu hesabu, mimi niliyesomea hesabu.

Nikueleze mtafiti huku anapimwaje. Anapimwa kwa kutajwa. Wengine wakiandika mambo yao hulitaja jina lako chini ya ukurasa, uwe shahidi wao, na maktabani kuna kitabu kinene kinachoonyesha nani amemtaja nani. Kila Ijumaa nilikuwa nakwenda kukifungua kujitafuta. Ile makala ya wachuma chai ndiyo inayotajwa kuliko zangu zote. Jina lako halimo. Niliandika tu "mkunga mmoja wa kijijini." Mama yangu mzazi, mkunga mmoja wa kijijini.

Nilimwendea profesa wangu na barua yako mkononi. Aliniambia ningoje mpaka Januari, kamati ikishaamua kama nitapewa kazi ya kudumu, ndipo nisahihishe polepole. Aibu yangu kubwa ni kwamba nilingoja. Wiki tatu, Mama, na Chelangat amejikaza kwa leso. Nilijiambia haraka haraka haina baraka.

Leo asubuhi nimepeleka masahihisho posta, na nakala moja iko ndani ya bahasha hii. Kiprono, ipeleke kwa muuguzi wa shamba na kwa meneja, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Chelangat afungue hiyo leso aende kliniki. Wakininyima kazi Januari, nitarudi nyumbani, na utanionyesha fundo la kwanza linafungwa wapi. Usinisamehe upesi.

Nisalimie shangazi anayeanzisha nyimbo kanisani, na mjomba wa Silibwet mwenye duka la mbegu, na Chelangat, ambaye sijui nimwambie nini.

Ulikuwa ukitusimulia kwamba nilipozaliwa nyanya aliita majina ya wazee waliokufa, mmoja mmoja, akingoja nipige chafya kwa jina la yule aliyenikubali. Sikupiga. Akachoka, akanitia ugoro puani alipofika kwenye jina alilolitaka yeye. Kutajwa kwangu kote huku, Mama, ni chafya ya ugoro. Lakini kwenye masahihisho nimeandika jina lako lote, mstari wa kwanza, kwamba wewe ndiye uliyehesabu sawasawa. Sasa watakuwa wanalitaja. Siku ukipiga chafya na hakuna moshi wala mafua, usishangae.

Ni mimi mwanao, ambaye hukumkosea hata mwezi mmoja,

Chepkoech