Nilitoroka Matanga Kwenda Kupiga Picha Mwezi

Élisabethville, Jumapili. Baridi ya kiangazi imekaza, na moshi wa nyasi zinazochomwa haujaondoka tangu asubuhi. Sikwenda misa. Sina uso wa kuwaonyesha watu.

Tulimzika baba Jumatatu. Alhamisi jioni, nyumba ikiwa bado imejaa waombolezaji, nilimwambia mjomba kwamba natoka kidogo kutafuta kuni. Nikapanda baiskeli, nikaenda misioni kupiga picha mwezi.

Nilijiunga na chama cha kutazama nyota mvua zilipokwisha. Tuko wachache: makarani, walimu, mimi muuguzi, na Padri Anselme mwenye darubini. Wenzangu wanaridhika kuchungulia. Mimi nilitaka kitu cha kubaki nacho, ndipo padri akanifundisha kufunga kamera kwenye darubini na kusafisha filamu. Picha zangu za kwanza, mwezi ulitoka kama yai lililomwagika. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Nilipomwambia kwamba mwezi utapatwa, alitaka nimpeleke akaone. Ugonjwa haukumngoja.

Tangu Alhamisi najiambia nilikwenda kwa ajili yake. Sijui kama ni kweli.

Jua lilikuwa limezama tu. Kivuli kiliuingia mwezi kwa upande mmoja, taratibu, mpaka wote ukawa mwekundu wa shaba. Kadiri ulivyofifia, niliacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu zaidi. Nilihesabu pumzi zangu kupima muda.

Kwa muda ule sikuwa na msiba.

Niliporudi, wanawake walikuwa uani wakilia upya na kupiga masufuria, macho juu. Hakuna aliyeniuliza kuni. Mama alikuwa ndani peke yake, amejifunika kitenge mpaka kichwani.

Picha imetoka safi. Padri anataka kuitundika ukumbini, jina langu chini yake. Leo nilimpelekea mama, nikidhani itamtuliza. Aliisogeza dirishani.

"Ni ile mwezi ya siku ile?"

"Ndiyo, mama. Ni kivuli cha dunia tu. Kinapita."

"Ulijua mwezi itakufa siku ile?"

"Nilijua. Hata baba alijua."

Kisha akasema polepole, bila kunitazama:

"Bamama balisema ni roho ya baba yako inaua mwezi, anakatala kwenda. Na miye niliamini. Nililala na ile woga, miye moja. Weye ulijua itarudia, shiye hatukujua. Juu ya nini haukutuambia?"

Jibu ninalo, ila halisemeki mbele ya mama. Neno moja mlangoni lingetosha: msiogope, mwezi utapatwa, utarudi. Lakini ningelisema, wangejua ninakokwenda, na mjomba angenizuia.

Nilinyamaza ili nipate picha.

Nawauguza watu kila siku. Najua hofu inavyomfanya mtu akiwa peke yake kitandani. Mama yangu nilimwacha nayo, nikaenda kuhesabu pumzi nyuma ya kamera.

Alinirudishia picha akainuka kwenda kuchochea moto. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Padri nitamwambia asubiri. Kukicha nitarudi kwa mama mikono mitupu, nikae naye mkekani, nisieleze kitu chochote mpaka aniulize mwenyewe.